Bujumbura Inalipia Milima Isiyopandwa

Mvua kubwa ikinyesha usiku kwenye milima ya Mirwa, asubuhi yake Ziwa Tanganyika huwa limebadilika rangi mbele ya Bujumbura. Pale mto Ntahangwa unapoingia ziwani hutanda doa la kahawia, pana, linalosogea taratibu kuelekea upande wa Kongo. Mbele kidogo mto Muha nao unatapika lake. Kusini, Kanyosha vivyo hivyo. Watu wanaokwenda kazini hulitazama doa hilo kupitia kioo cha gari, wakasema jana mvua imepiga kweli, kisha wakaendelea na safari. Lile doa ni udongo wa shamba la mtu wa Isare, kule milimani, na jana jioni shamba hilo lilikuwa na maharage.

Wenye biashara wa mji huu wamezoea kuiona milima kama mandhari, au kama kazi ya serikali na wafadhili. Hapo ndipo kosa lilipo. Kampuni za Bujumbura tayari zinaigharamia milima ile kila mwaka, ila zinaigharamia vibaya: kwa mafuta ya jenereta, kwa malori yaliyokwama barabarani, kwa maghala yaliyoingiwa na tope. Fedha zote hizo hazirudishi hata mti mmoja. Urejeshaji wa misitu unastahili kuwekwa kwenye bajeti ya uendeshaji, pamoja na bima na matengenezo ya mashine, utoke kwenye fungu la sadaka na matangazo. Na wa kwanza kulipwa wawe wakulima wa mlimani, walipwe kwa mti ulio hai, si kwa mche uliopandwa siku ya sherehe.

Kilomita thelathini za mteremko

Jiografia ya Bujumbura haina huruma. Mji umekaa kwenye bonde la Imbo, kiasi cha mita 775 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Heha, kirefu kuliko vyote nchini, kina takriban mita 2,670, na kiko umbali wa kilomita 30 hivi kwa mstari ulionyooka. Maji yanayodondoka kule juu yana karibu mita 1,900 za kuteremka kabla ya kufika ziwani, na njia yake inapita katikati ya nyumba za watu.

Mlima ukiwa na msitu, tone la mvua hupokewa na majani kwanza, likashuka polepole hadi kwenye majani makavu yaliyooza chini, kisha likazama ardhini kwa kufuata mizizi. Sehemu ya maji hayo hutokea wiki au miezi baadaye kwenye chemchemi. Mlima ukiwa mtupu, tone linaupiga udongo moja kwa moja na kuubomoa, na maji yote yanashuka kwa mkupuo mmoja yakiwa yamebeba shamba. Ndiyo maana mto uleule unaojaa hadi kubomoa madaraja mwezi wa Aprili, mwezi wa Agosti watoto wanauvuka bila kulowa magoti.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, maji na tope viliteremka juu ya vitongoji vya kaskazini: Kamenge, Kinama, Cibitoke, Buterere. Watu zaidi ya 60 walikufa na maelfu wakabaki bila makazi. Desemba 2019 mlima uliporomoka usiku huko Mugina, kwenye mkoa uliokuwa ukiitwa Cibitoke, ukafunika familia zilizolala. Wakazi wa mitaa yenye nafuu ya Rohero na Kinindo waliomboleza, wakachanga nguo na unga, wengi wao wakiamini kwamba janga lile ni la wanaokaa pabaya. Waswahili husema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Leo kingo za Ntahangwa zinamegeka hata kwenye mitaa ya watu wenye uwezo. Pembeni ya korongo lile mtu anaweza kuona ukuta wa uzio ulioning'inia hewani, nondo zimechomoza, na nyuma yake bustani ambayo imebaki nusu. Nyumba ya namna hiyo ikiwa imewekwa rehani, benki inashika karatasi ya kitu gani?

Haki ya hoja inataka jambo moja lisemwe wazi. Miti ya Isare haitashusha usawa wa Ziwa Tanganyika. Mafuriko ya Gatumba ya mwaka 2020, na yale ya 2024 yaliyofika hadi bandarini Bujumbura, yalitokana na mvua za eneo kubwa mno, zikiwemo za Kivu zinazoletwa na Rusizi na za Tanzania zinazoletwa na Malagarasi, wakati ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Kwa maji yale, dawa ni kuheshimu mita 150 za ufukwe ambazo sheria imekataza zisijengwe, na ambazo zimejaa majengo, mengine yakiwa ya wenye biashara haohao. Lakini makorongo, tope na maporomoko ya Mirwa ni habari nyingine. Hayo yanatibika mlimani.

Mali bila daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hasara ya milima mitupu hupotea hivyohivyo kwa kuwa hakuna mhasibu mwenye safu yake. Inajificha chini ya majina mengine.

Umeme, kwa mfano. Bwawa la Rwegura, lenye uwezo wa megawati 18 na lililoanza kazi mwaka 1986, kwa miaka mingi lilikuwa nguzo ya gridi ya Burundi. Maji yake yanatoka mto Gitenge, na mto Gitenge unatoka Kibira, msitu wa asili wenye takriban hekta 40,000 juu ya mgongo unaogawa maji ya Kongo na ya Nile. Karibu na mji kuna Mugere, dogo zaidi, linalotegemea mto unaoshuka kwenye milima hiyohiyo. Mto ukileta mchanga, mchanga unakaa bwawani na kula nafasi ya maji. Mto ukipungua kiangazi, mitambo inapumzika na mji unawasha jenereta, kwa mafuta ambayo foleni zake kila Mrundi anazijua. Saluni ya Bwiza, fundi wa kuchomelea wa Buyenzi na kiwanda kikubwa cha bia wote wanakutana hapo.

Maji ya bomba nayo. Sehemu kubwa ya maji ya Bujumbura shirika la maji na umeme la Regideso linayavuta kutoka ziwani, ziwa lilelile linalopokea madoa ya kahawia. Maji yenye tope yanataka dawa nyingi zaidi ya kuyasafisha, na dawa inanunuliwa kwa fedha za kigeni. Kiwanda kina kisima chake au tangi lake. Mama wa Kinama ananunua bidoni kwa muuzaji wa baiskeli, na bei anaipanga muuzaji.

Halafu barabara. Bidhaa za Dar es Salaam zinaingia kwa mpaka wa Kobero, zinapita Gitega, zinashuka Bugarama hadi mjini kwa barabara ya RN1, iliyochongwa ubavuni mwa mlima. RN3, inayokwenda Rumonge na mpaka wa Tanzania, imebanwa kati ya ziwa na miteremko ya Muhuta, na pale Gitaza udongo umeishukia zaidi ya mara moja. Barabara ikifungwa siku mbili, nyanya na viazi vya Bugarama vinaozea kwenye lori, na sokoni kwa Siyoni bei inapanda kabla ya saa nne asubuhi.

Mwaka 2017 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Burundi inapoteza karibu tani milioni 38 za udongo kila mwaka, na kwamba uharibifu wa ardhi unagharimu kama asilimia 4 ya pato la taifa. Ni vigumu kutaja kodi yoyote nchini inayotozwa kimyakimya kiasi hicho bila mfanyabiashara hata mmoja kwenda kulalamika ofisini kwa mtu.

Wanaouza nje wana sababu ya ziada. Kahawa na chai ni miongoni mwa vitu vinavyoiletea nchi fedha za kigeni. Mashamba ya chai ya Teza na Rwegura yamepakana na Kibira, na ukungu na ubaridi wa msitu ule ni sehemu ya ubora wa majani yake, ilhali viwanda vya kukausha chai vinakula kuni kila siku. Kahawa ya arabika nayo haipendi joto. Zaidi ya hayo, Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayozuia kuingiza kahawa iliyolimwa kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini mnunuzi wa Ulaya ameshaanza kuuliza maswali. Kampuni ya kahawa ya Long Miles iliona mapema: kwa mradi wake wa miti ya Kibira imekuwa ikiwasaidia wakulima wanaoishi ukingoni mwa msitu kupanda miti ya asili pembeni ya mashamba yao. Hiyo ni kampuni inayolinda ghala lake, na hakuna ubaya wowote.

Jumamosi ya fulana

Hapa wasomaji watasema: lakini kampuni zetu zinapanda miti! Ni kweli. Zinapanda Jumamosi asubuhi, kwenye kazi za jamii, zikiwa na fulana mpya zenye nembo, mpiga picha na ofisa mmoja wa mkoa. Hotuba mbili, mashimo yameshachimbwa na wenyeji tangu jana. Mkurugenzi anashika mche, anauingiza shimoni, anasukumia udongo kwa kiatu, na mara nyingine kile kiriba cha plastiki hakijavuliwa kwenye mizizi. Saa tano watu wako kwenye vinywaji.

Nani anarudi mwezi wa Julai? Kiangazi cha Bujumbura kinaanza Juni na kinakwenda hadi Septemba. Mche uliopandwa kwa kuchelewa, mizizi yake ikiwa bado imejikunja ndani ya plastiki, haufiki huko. Mbuzi nao hawasomi nembo. Mwaka unaofuata mlima uleule unapandwa tena, na ripoti ya kampuni inahesabu miche ya miaka yote miwili.

Serikali ilianzisha mwaka 2018 mpango wa kitaifa wa Ewe Burundi Urambaye, na vitalu vimeenea hadi vijijini. Kabla ya hapo, katika mpango wa Afrika wa kurejesha misitu uliozinduliwa mwaka 2015, Burundi iliahidi hekta milioni 2. Msomaji achukue kalamu: ukubwa wa nchi nzima, pamoja na sehemu yake ya ziwa, ni kilomita za mraba 27,834, yaani hekta milioni 2.78. Ahadi ile ni zaidi ya theluthi mbili za Burundi! Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 12, hakuna mahali pa kuweka msitu wa namna hiyo bila kupita shambani kwa mkulima. Kwa hiyo urejeshaji wa kweli hapa ni grevilea kwenye mipaka ya mashamba, kaliandra na majani ya malisho kwenye kingo za makinga maji, miti ya asili juu ya chemchemi na kando ya mito, na kuacha Kibira ipone. Ni kazi ya mikono, ya polepole, na inafanyika kwenye vipande vya ardhi ambavyo familia moja inavitegemea kwa chakula.

Ndiyo maana fulana hazitoshi. Mkulima mwenye nusu hekta akiacha mita mbili za ukingo kwa miti, amepunguza maharage ya wanawe ili Bujumbura isipate tope. Kwa nini afanye hivyo bure, wakati faida kubwa inashuka kwa wengine walio chini?

Gunia linaloshuka Bugarama

Anayetaka kuona upande wa pili wa hesabu asimame RN1 alfajiri. Vijana wa baiskeli wanateremka kwa kasi ya kutisha, magunia ya makaa yamefungwa nyuma kwa kamba za mpira, wengine wakikanyaga tairi kwa soli ya kiatu kuisaidia breki. Mchana haohao wanarudi juu wakiwa wamejishikiza nyuma ya malori, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwenye usukani. Wapo waliokufa hivyo. Hiyo ndiyo injini ya jikoni za Bujumbura: kwa karibu kila kaya, chakula kinapikwa kwa kuni au makaa, na mama wa Buyenzi anayenunua kwa kopo analipa zaidi kwa kilo kuliko mwenye kununua gunia.

Kumlaumu kijana wa baiskeli ni kupoteza muda. Majirani wa Goma wametafuta njia nyingine: tangu mwaka 2007, mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF umewawezesha wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya haraka kwa ajili ya makaa, ili soko lisile Hifadhi ya Virunga. Maelfu ya hekta zimepandwa, katikati ya vita. Bujumbura ina mahoteli, migahawa, kambi, shule za bweni na viwanda vya kuoka mikate vinavyonunua makaa na kuni kwa wingi, pamoja na wajenzi wanaonunua matofali yaliyochomwa kwa magogo. Wanunuzi wakubwa namna hiyo wakisaini mkataba na vyama vya wakulima wenye mashamba ya miti, na wakidai kujua gunia limetoka wapi, soko litabadilika haraka kuliko kwa amri yoyote. Mikaratusi ina nafasi yake hapo, mbali na chemchemi. Waliokaa karibu nayo wanajua jinsi inavyokunywa.

Nairobi walianza na hesabu

Mfano bora wa ukanda huu uko Kenya. Nairobi inapata sehemu kubwa ya maji yake kutoka mto Tana wa juu, kwenye miteremko ya Aberdare iliyojaa wakulima wadogo. Mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ukiwakutanisha shirika la The Nature Conservancy, kampuni ya maji ya jiji, kampuni ya umeme ya KenGen, kiwanda cha bia cha East African Breweries, Coca-Cola na wengine. Kabla ya kuchangia walifanya hesabu: dola milioni 10 zikiwekezwa kwa wakulima wa juu, katika miaka 30 zingerudisha faida ya dola milioni 21.5, kwa mchanga kidogo mabwawani, umeme zaidi na mavuno bora mashambani. Fedha zikaenda kwenye miche, makinga maji, nyasi za kuzuia udongo na mabwawa madogo ya kuvunia mvua.

Kiwanda cha bia hakikuingia pale kwa huruma kwa ndege wa Aberdare. Kinauza maji yaliyotiwa shayiri, na maji yana bei.

Bujumbura ina wahusika walewale kwa majina tofauti: Regideso ina maji na umeme, Brarudi inatengeneza bia, zipo benki, kampuni za simu, wenye mahoteli, na Chemba ya Biashara na Viwanda ya kuwakalisha meza moja. Milima ni mifupi kuliko ya Tana na mito iko machoni pao. Katika Isare kuna hata kazi ya kuanzia, kwa kuwa mradi wa kurejesha ardhi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2018 umeshachimba makinga maji huko. Kinachokosekana ni mfuko wenye sauti ya anayelipa na ya anayelima.

"Sisi tunalipa kodi"

Jibu la wenye kampuni linajulikana. Kodi tunalipa, fedha za kigeni hatuna, na Burundi ni miongoni mwa nchi zinazotoa hewa ukaa kidogo kabisa duniani kwa kila mtu. Walioharibu hali ya hewa watengeneze. Sehemu ya mwisho ni ya haki kabisa, na serikali iendelee kuidai kwenye kila mkutano. Lakini mawingu hayangoji mkutano. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba hata Ziwa Tanganyika lenyewe limepata joto, hivyo maji ya juu hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki wa ndagala kinapungua. Mwenye mgahawa wa samaki wa mukeke anaweza kuwa na haki yote dhidi ya Ulaya na bado akakosa samaki.

Kuhusu fedha za kigeni, miti ni moja ya vitu vichache ambavyo Burundi inaweza kununua kwa faranga tupu. Mbegu, viriba, samadi, jembe na siku za kazi, vyote viko hapa. Kampuni isiyoweza kuagiza kipuri kutoka nje inaweza kumlipa mkulima wa Isare kesho.

Malipo yenyewe yagawanywe. Fungu la kwanza litolewe mche unapoingia ardhini, la pili baada ya kiangazi cha kwanza kwa idadi ya miche iliyo hai, la tatu mwaka wa tatu. Wahesabuji wawe vijana wa mlima huohuo pamoja na mtu wa mfuko, na daftari libandikwe mahali pa wazi, ili mkuu wa mlima asilipwe kwa miti ya jirani. Chemchemi na kingo za Ntahangwa, Muha na Kanyosha zitangulie, kwa kuwa hapo kila faranga inaonekana upesi.

Na kalenda izingatiwe. Miche inayotakiwa kuingia ardhini na mvua za Novemba lazima iwe kitaluni katikati ya kiangazi, ikimwagiliwa kila siku. Miti mingi ya asili inahitaji muda mrefu zaidi. Bodi inayopitisha fungu lake Desemba, ikitafuta picha ya mwisho wa mwaka, itapata miche ya urefu wa kidole, au itanunua iliyobaki kwa wengine. Fedha za msimu ujao zinahitajika vitaluni kabla ya Juni.